Je, Wajua? Bia na Saa Yake ya Hewa

Anayepika bia nyumbani huhesabu maji, kimea, hopsi na hamira, akadhani amemaliza. Kipo kiungo cha tano kisichouzwa dukani, nacho ni hewa. Bia ya kawaida huitaka hewa mara moja tu: togwa ikishapoa na hamira ikiwa inaingia. Ikiipata saa hiyo, huchachuka kwa nguvu na kumaliza kazi. Ikiipata mapema au ikichelewa, huharibika. Safu ya leo yote ni ya saa hiyo moja. Humu, togwa ni yale maji matamu ya kimea cha shayiri yaliyochemshwa na hopsi, kabla hamira haijatiwa.

TOGWA IKITOKA JIKONI

1. Je, wajua kwamba togwa ikitoka motoni karibu haina oksijeni kabisa? Kuchemka kwa saa moja hufukuza hewa yote iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji. Mpikaji anapozima moto anabaki na sukari tele, protini, uchungu wa hopsi na usafi wa kutosha. Hewa imetoka, na ni juu yake kuirudisha.

2. Hewa huyeyuka kinyume na sukari. Sukari hupenda maji ya moto. Hewa hupenda maji baridi. Maji safi katika usawa wa bahari, yakishiba hewa, hubeba oksijeni miligramu 14.6 kwa lita yakiwa na nyuzijoto 0, miligramu 11.3 yakiwa na nyuzijoto 10, miligramu 9.1 yakiwa na nyuzijoto 20, na 7.6 tu yakiwa na nyuzijoto 30. Ndiyo maana togwa hupozwa kwanza, ndipo ipewe hewa.

3. Togwa hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matupu, kwa sababu ya sukari iliyomo. Togwa ya bia ya kawaida, ikishiba hewa kwenye nyuzijoto 20, hufika kama miligramu 8 kwa lita. Togwa ya bia kali hubeba chini ya hapo. Taabu yake ni kwamba bia kali ndiyo yenye hamira inayohitaji oksijeni zaidi, na togwa yake ndiyo inayokubali kidogo.

4. Je, wajua kwamba mwinuko wa mji unaingia ndani ya ndoo yako? Mkemia William Henry wa Manchester alieleza mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye kimiminika hufuata mgandamizo wa gesi hiyo juu yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Maji ya nyuzijoto 20 yanayobeba oksijeni miligramu 9.1 Mombasa hubeba kama 7.4 tu Nairobi. Mji wa Boulder, Colorado, ulikoanzishwa mwaka 1978 Chama cha Wapikaji Bia wa Nyumbani cha Marekani, uko kwenye mita 1,650 hivi. Wapikaji wa Boulder na wa Nairobi wana tatizo moja: hewa ya nje ni ileile, lakini haiingii ndani kwa wingi uleule.

HAMIRA INAITAKA HEWA YA NINI?

5. Wengi hudhani hamira inaitaka oksijeni ili ivute pumzi kama sisi. Ndani ya togwa sivyo. Sukari ikiwa nyingi, hamira ya bia hutengeneza kileo hata hewa ikiwa tele. Hali hiyo huitwa athari ya Crabtree, kwa jina la mwanabiokemia Mwingereza Herbert Grace Crabtree, ambaye mwaka 1929 aliandika juu ya hali ya namna hiyo katika seli za uvimbe. Hamira ya mkate na hamira nyingi za bia, zote za jamii ya *Saccharomyces cerevisiae*, zina tabia hiyo.

6. Oksijeni ile ni ya ujenzi. Kila seli ya hamira imezungukwa na utando unaochagua kinachoingia na kinachotoka. Utando huo hujengwa kwa steroli na kwa asidi za mafuta zisizoshiba, na hamira haiwezi kuzitengeneza bila oksijeni. Kutengeneza molekuli moja tu ya ergosteroli, ambayo ndiyo steroli kuu ya hamira, huhitaji molekuli 12 za oksijeni.

7. Je, wajua nani walithibitisha jambo hilo? Ni watafiti Andreasen na Stier. Walikuza hamira mahali pasipo na hewa kabisa, nayo ikashindwa kukua. Mwaka 1953 walionyesha kwamba inahitaji kupewa ergosteroli. Mwaka 1954 wakaonyesha kwamba inahitaji pia asidi za mafuta zisizoshiba. Ikipewa vyote viwili tayari, hukua bila hewa. Tangu hapo ikajulikana kwamba mpikaji anapotia hewa anailetea hamira vifaa vya ujenzi.

8. Kuna kitu ndani ya hamira ambacho wazee wa pwani walikuwa wakikishika kwa mikono. Katika safari ya kujenga ergosteroli, hamira hutengeneza kwanza skwaleni, mafuta ambayo pia yamejaa katika maini ya papa. Mabaharia wa Uswahilini walipaka majahazi yao sifa, mafuta ya papa, ili mbao zisioze. Ndani ya hamira, skwaleni haiwezi kuvuka hatua inayofuata bila oksijeni. Hewa ikikosekana, skwaleni hurundikana na ergosteroli haipatikani.

9. Hamira huongezeka kwa kuchipua: mama hutoa mtoto, na akiba ya steroli hugawanywa baina yao. Mtoto naye akichipua, hugawa tena. Bila oksijeni mpya, kila kizazi hurithi utando dhaifu kuliko uliotangulia, mpaka seli zishindwe kuongezeka. Hamira iliyokwisha kuchachusha pipa moja huja kwenye la pili akiba yake ikiwa imeisha. Hiyo ndiyo yenye njaa kubwa ya hewa kuliko zote.

10. Ergosteroli hiyohiyo, ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, hugeuka kuwa vitamini D2. Ndiyo sababu hamira na uyoga, ambao nao una ergosteroli, hutumika kutengenezea vitamini hiyo.

11. Na hamira ya mkate, ile ya pakiti iliyoko jikoni kwako? Kiwandani hulishwa molasi kidogo kidogo huku hewa ikipulizwa kwa wingi kutoka chini ya tangi. Sukari ikiwa kidogo na hewa ikiwa nyingi, hamira haitengenezi kileo. Hutumia nguvu zake zote kuongezeka. Njia hiyo ya kulisha polepole ilianzishwa Denmark na Ujerumani mwishoni mwa muongo wa 1910, na bado ndiyo inayotumika.

12. Kwa hiyo hamira kavu ya bia, inayotengenezwa kwa njia ya namna hiyo, huja na akiba ya steroli ndani yake. Watengenezaji wake wenyewe husema kwamba, kwa mara ya kwanza kutumika, togwa yake hailazimiki kutiwa hewa. Anayeanza kupika na aliyekosa vifaa aanze na hamira kavu. Ukiivuna baada ya bia kuiva na kuitia kwenye togwa nyingine, msamaha huo umekwisha: hewa ni lazima.

WALIOTANGULIA

13. Je, wajua kwamba mtu aliyetangaza kupatikana kwa oksijeni aliwahi kuishi jirani na kiwanda cha bia? Joseph Priestley, mchungaji, alihamia Leeds mwaka 1767 na nyumba yake ikapakana na kiwanda. Alikwenda mara kwa mara kuchunguza ile gesi nzito iliyotanda juu ya mapipa yanayochachuka, ambayo sisi tunaiita kaboni dayoksaidi. Alimimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine ndani ya gesi hiyo, mpaka ikayeyuka humo. Hivyo akapata maji ya gesi, ambayo aliyaandikia kijitabu mwaka 1772. Miaka miwili baadaye, Agosti 1774, alipasha moto oksidi ya zebaki kwa kioo cha kukusanya jua akapata oksijeni. Scheele wa Sweden alikuwa ameipata kabla yake, ila alichapisha baadaye. Na ile mbinu ya vyombo viwili, kumimina huku na kule ili gesi iyeyuke, ndiyo ambayo wapikaji wa nyumbani wanaitumia hadi leo kuipa togwa hewa.

14. Louis Pasteur aliandika mwaka 1861 kwamba hamira iliyo hewani huongezeka sana kwa sukari kidogo, na iliyofungiwa huchachusha sukari nyingi huku ikiongezeka kidogo. Mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya bia, *Études sur la bière*, Ufaransa ikiwa bado na uchungu wa kushindwa vita na Wajerumani na akitaka bia ya nchi yake iwashinde. Humo alieleza namna ya kupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye togwa, akaitenganisha na ile iliyoungana na togwa yenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa: ya kwanza hamira huitumia, ya pili haiwezi kuitumia tena.

15. Elimu hii ilikaa viwandani muda mrefu kwa sababu za kisheria. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu upishi huo tarehe 14 Oktoba 1978. Mwaka 1984 Charlie Papazian akachapisha *The Complete Joy of Homebrewing*, na mambo ya kiwandani yakaingia majikoni.

NAMNA YA KUITIA HEWA

16. Njia ya ndoo mbili haina gharama. Osha ndoo mbili kubwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Lita 20 za togwa zina uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo muwe wawili. Inueni ndoo yenye togwa hadi usawa wa kifua, mmimine kwa mkondo mwembamba uangukie katikati ya ndoo ya chini. Mkondo ukigonga, togwa hupasuka. Viputo huzama nao mpaka chini, kisha hupanda pembeni vikiwa vidogo kama mchanga. Togwa iliyokuwa ya rangi ya asali huonekana ya maziwa kwa muda. Badilisheni ndoo, mrudie. Povu likianza kufika ukingoni, simamisheni, funikeni, mtie hamira.

17. Wenye mtungi wa glasi huutikisa. Chris White na Jamil Zainasheff, katika kitabu chao *Yeast* cha mwaka 2010, walitoa vipimo vya togwa nzito ya lita 20. Kutikisa kwa dakika 5 kuliiongezea oksijeni miligramu 2.7 kwa lita. Oksijeni tupu, lita 1 kwa dakika, kupitia jiwe la vitundu kwa sekunde 60, iliipa miligramu 9.2; kwa dakika 2, ikafika 14. Kiwango kinachotakiwa kwa bia ya kawaida ni miligramu 8 hadi 10. Nafasi iliyoachwa juu ya togwa na nguvu ya mikono hubadilisha matokeo ya kutikisa, lakini somo ni moja: mtikiso mdogo haufiki. Na mtungi wa glasi ukilowa huteleza, ukivunjika hukata vibaya. Utikise ukiwa umekaa juu ya kitu laini, usiuinue.

18. Pampu ya tangi la samaki nayo hufaa. Huunganishwa na mpira wa kupitishia hewa, kichujio, na jiwe la chuma kisichoshika kutu lenye vitundu vya maikroni 0.5 au 2. Unywele wa mtu ni maikroni 50 na zaidi, kwa hiyo vitundu hivyo havionekani kwa macho. Huachwa ikipuliza kwa nusu saa hivi.

19. Kwa nini vitundu viwe vidogo hivyo? Kwa sababu oksijeni huingia kupitia ngozi ya kiputo. Hewa ileile ikigawanywa katika viputo vyenye kipenyo pungufu mara kumi, ngozi yote kwa jumla huongezeka mara kumi. Tena viputo vidogo hupanda polepole, vikapata muda wa kuyeyuka.

20. Hewa haiwezi kuzidi. Ina oksijeni asilimia 21 tu, na togwa ikishafika miligramu 8 hivi haiongezeki hata ukipuliza mpaka asubuhi. Kinachozidi ni povu. Protini zilizokwisha kupanda na kukauka kwenye kuta za chombo hazirudi zote kufanya kazi, nazo ndizo zingelishika povu la glasi yako. Ikishiba, zima pampu.

21. Oksijeni tupu ndiyo inayoweza kuzidi. Ikizidi, hamira huongezeka kupita kiasi, sukari ikaishia kujenga seli badala ya bia, na ladha zikaharibika kwa kileo kizito chenye ukali. Pima kwa saa na kwa kipimo cha mtiririko.

22. Je, wajua kwamba mafuta kidogo kwenye kidhibiti cha mtungi wa oksijeni yanaweza kuwaka? Oksijeni tupu huchochea moto kwa nguvu sana. Usiguse viungio kwa mikono yenye mafuta, usipake grisi, usivute sigara, usiwashe jiko karibu, na ufungue madirisha. Mtungi usimame wima na ufungwe usianguke.

23. Hewa huja na wageni. Vumbi la jikoni limebeba bakteria na hamira za porini, na togwa baridi ni chakula kilichoandaliwa kwa ajili yao. Ndiyo sababu pampu huwekewa kichujio cha maikroni 0.2, na jiwe huchemshwa kabla ya kutumika. Ukimimina kwa ndoo, mimina ndani ya nyumba, mbali na feni na unga wa kimea.

24. Bia kali sana huomba mara ya pili. Wapikaji wenye uzoefu huipa togwa nzito oksijeni wakati wa kutia hamira, kisha tena saa 12 hadi 18 baadaye, hamira ikiwa bado inaongezeka. Baada ya hapo, mlango umefungwa.

25. Laga nayo hutaka oksijeni zaidi ya bia za joto, kwa sababu hamira yake hufanya kazi kwenye baridi na inahitaji seli nyingi. Bahati nzuri togwa yake ni baridi, kwa hiyo hubeba oksijeni zaidi.

NJIA NYINGINE ZA DUNIA

26. Je, wajua kwamba kuna bia inayopewa hewa ikiwa inachachuka? Huko Tadcaster, Yorkshire, kiwanda cha Samuel Smith, kilichoanzishwa mwaka 1758, huchachusha bia kwenye matangi ya mraba ya mawe. Hamira ya huko ina tabia ya kugandamana haraka na kuacha kazi. Kwa hiyo bia inayochachuka huvutwa kwa pampu kutoka chini na kumwagwa juu ili hamira iamke. Mbinu hiyo huenda na hamira yake na matangi yake. Mwenye hamira nyingine asiige.

27. Brussels, kiwanda cha Cantillon, kilichoanza mwaka 1900, huiacha togwa ya moto ipoe usiku kucha kwenye sinia kubwa la shaba lililo chini ya paa. Hewa baridi ya usiku huipoza, na vijidudu vya hewani huingia vyenyewe na kuichachusha. Hakuna hamira inayotiwa. Kazi hiyo hufanywa miezi ya baridi tu, kwani joto huleta vijidudu vibaya kwa wingi. Bia yake, lambiki, hukaa kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka hadi miaka mitatu.

28. Mafuta ya zeituni yaliwahi kujaribiwa badala ya hewa. Grady Hull, mpikaji wa kampuni ya New Belgium ya Fort Collins, Colorado, aliyatia kwenye hamira iliyohifadhiwa, kwa sababu yamejaa asidi ya oleiki, mojawapo ya zile asidi zisizoshiba ambazo hamira huzijenga kwa oksijeni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba bia ilichachuka mpaka mwisho, ingawa polepole kidogo. Kiasi chake ni kidogo mno: kwa ndoo ya nyumbani hakifiki hata tone moja. Mpikaji wa kawaida ni heri ashike ndoo zake mbili.

29. Rubisi ya Kagera, tonto ya Uganda na urwagwa ya Rwanda hazina shida hii. Ndizi mbivu hukandwa pamoja na nyasi, kwa mikono au kwa miguu, mpaka maji yatoke. Maji hayo hayachemshwi, kwa hiyo hewa yake haijafukuzwa, na ukandaji wenyewe huongeza nyingine. Unga wa mtama ukishatiwa, uchachu huanza bila kusubiri.

30. Viwanda vikubwa huingiza hewa safi au oksijeni ndani ya bomba, togwa ikiwa njiani kutoka kwenye kipozeo kwenda tangini. Tangi moja likijazwa kwa mapishi kadhaa, mara nyingi yale ya kwanza tu ndiyo hupewa oksijeni, na hamira ikatumia hiyo kwa tangi zima.

MLANGO UKISHAFUNGWA

31. Togwa ya moto isirushwerushwe. Ikiwa juu ya nyuzijoto 27 hivi, oksijeni huungana kwa urahisi na vitu vilivyomo badala ya kuyeyuka tu. Rangi huiva, na ladha ya uzee huanza kupandwa kabla bia haijazaliwa. Poza kwanza.

32. Hamira humaliza oksijeni yote ndani ya saa chache, mara nyingi kabla hujaona kiputo cha kwanza kikitoka kwenye kizibo cha hewa. Uchachu unaouona kwa macho umekwisha kuwa kazi isiyohitaji hewa.

33. Je, wajua kwamba bia iliyopata hewa mwishoni hunuka boksi la karatasi lililolowa? Harufu hiyo hutokana hasa na kemikali iitwayo trans-2-nonenali, inayotambulika kwenye bia hata ikiwa chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Hakuna dawa ya kuitoa.

34. Watu wa pwani wanaijua adhabu nyingine. Tembo la mnazi likiachwa wazi hugeuka siki, kwa sababu bakteria wa *Acetobacter* hutumia oksijeni kubadili kileo kuwa asidi. Kwenye mnazi, siki hiyo ina soko lake. Kwenye bia ni hasara, na bakteria hao hawawezi kazi hiyo wakinyimwa hewa.

35. Linganisha tarakimu hizi mbili. Siku ya kutia hamira, togwa hutakiwa kuwa na oksijeni miligramu 8 kwa lita. Siku ya kufunga chupa, viwanda makini hulenga chini ya miligramu 0.05. Ni tofauti ya mara 160, ndani ya kinywaji kilekile, kwa majuma machache tu.

36. Kwa hiyo bia iliyoiva isimiminwe kama togwa. Tumia mpira wa kunyonyea, ncha yake ifike chini kabisa ya chupa, ijae kutoka chini kwenda juu bila kububujika. Hamira kidogo inayobaki kwenye chupa ya bia isiyochujwa husaidia kumeza oksijeni iliyoponyoka.

37. Utajuaje kwamba hewa haikutosha? Bia huchelewa kuanza, siku nzima au zaidi. Kisha hupoa katikati, haidromita ikionyesha sukari imebaki na hamira imelala chini. Harufu ya ndizi huzidi, kwa sababu hamira iliyonyimwa oksijeni hutoa esta nyingi zaidi. Wakati mwingine hubaki na harufu ya tufaha bichi, dalili kwamba kazi haikumalizika. Usikimbilie kuipa hewa wakati huo, umechelewa. Ongeza hamira mpya iliyo hai, iliyokwisha kuanza kuchachuka kwenye togwa kidogo.

38. Na jambo la mwisho unaweza kulithibitisha mwenyewe. Pika togwa moja, ipoze, igawe kwenye mitungi miwili sawasawa. Mmoja uumiminie hewa ya kutosha, wa pili uujaze taratibu bila kububujisha. Tia kila mmoja kiasi kilekile cha hamira ya majimaji, uiweke mahali pamoja. Andika saa ambayo kila mmoja unaanza kutoa viputo, upime kwa haidromita kila siku mpaka tarakimu zisimame, kisha uonje zote mbili ubavu kwa ubavu. Baada ya hapo hutahitaji kuambiwa tena na mtu yeyote hewa ina kazi gani. Kwenye upishi unaofuata utaitenga nusu saa yake kama unavyotenga nusu saa ya kuosha vyombo: mapema, kwa makusudi, na kwa mikono safi.